Masikio Mawili: Habari za Sauti Zilizonaswa Katika Nta na Katika Sahani

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya santuri, lakini si juu ya santuri ya kuchezea dansi. Nataka kuwaelezeni jinsi mafundi walivyohangaika miaka mingi kuufundisha mfuo mmoja wa sahani kubeba sauti mbili, moja ya sikio la kushoto na moja ya sikio la kulia. Sauti ya namna hiyo siku hizi huitwa sterio. Nasi watu wa Masasi na Newala tunayo sababu ya kuisikiliza habari hii kwa makini, maana sauti za nchi yetu zilitiwa katika mashine mapema sana, mwaka 1906, na zilitiwa kwa sikio moja.

Kwanza na tujue kazi ya masikio. Mtu akiitwa porini hugeuka kabla hajauliza ni nani amwitaye. Hugeuka upande uleule sauti ilikotoka, hata ikiwa ni usiku wala haoni kitu. Je, nani aliyemwambia ya kuwa mwitaji yuko kushoto? Sauti husafiri hewani mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde moja. Baina ya sikio na sikio pana upana wa kichwa, nao ni sentimita 20 au pungufu kidogo. Basi sauti itokayo kushoto kabisa hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha sikio la kulia baada ya muda mfupi mno, kama sehemu sita tu katika elfu kumi za sekunde. Tena ikifika huko kulia imepungua nguvu, hasa ikiwa ni sauti nyembamba, kwa kuwa kichwa chenyewe kimeikinga, kama mtu asimamaye mbele ya taa akatia kivuli ukutani. Akili huzipima tofauti hizo mbili, ya wakati na ya nguvu, pasipo sisi kujua.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila mashine yo yote. Mfunge mtoto kitambaa machoni, wenziwe wamzunguke kimya, mmoja apige kofi mara moja, naye aonyeshe kwa kidole. Kisha azibe sikio moja barabara, mjaribu tena. Mara ya kwanza hatakosa sana. Mara ya pili kidole kitatangatanga, na watoto watacheka. Lakini jaribuni hayo uwanjani penye nafasi. Msijaribu chini ya majabali makubwa ya Masasi, kwa kuwa majabali yale huitikia, na mwangwi huwadanganya hata wenye masikio yote mawili.

Sasa turudi mwaka 1906. Nchi ya kusini ilikuwa haijapoa kwa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka uliotangulia. Bwana Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig katika Ujerumani, alifika kuchunguza maisha ya watu. Alishuka Lindi, akapanda bara hata Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akaukwea uwanda wa juu wa Wamakonde mpaka Newala na Mahuta. Katika mizigo ya wapagazi wake mlikuwa na kamera, na mashine ya kupigia picha ziendazo, na fonografu.

Fonografu ilibuniwa na Mmarekani Thomas Edison mwaka 1877, na ukiitazama waweza kuifahamu mara moja. Ina pembe pana ya kupokea sauti. Nyuma ya pembe pana kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma, ila hiki si cha ngozi. Nyuma ya kiwambo pana ncha kali, na chini ya ncha huzunguka silinda ya nta, mviringo na wazi ndani, kama bilauri isiyo na kitako. Mtu akiimba ndani ya pembe, kiwambo hutetemeka, ncha hupanda na kushuka, na nta huchimbwa mfuo, yaani mtaro mwembamba, ambao sakafu yake ina vilima na mabonde madogo yasiyoonekana vema kwa macho. Hapana umeme hata kidogo. Springi huizungusha nta, lakini nguvu zote za kukitikisa kiwambo hutoka kifuani mwa mwimbaji.

Haya, fikirini ngoma ya Kimakonde mbele ya chombo kama hicho. Ngoma zetu huchezwa katika duara. Mwimbishaji yuko mahali pamoja, waitikiaji wako upande wa pili au wamemzunguka. Ngoma ndogo zenye ukali zajibizana na ngoma kubwa. Wanawake wapiga vigelegele kutoka nyuma, na mchezaji mwenye njuga apita kati, akiwaendea wapigaji na kurudi. Aijuaye sindimba ajua ya kuwa mchezaji na mpigaji hufuatana kama watu wazungumzao. Pembe ya fonografu haina nafasi kwa wote hao. Humsikia aliye karibu nayo. Aliye hatua chache nyuma yake huwa kama yuko kijiji cha pili. Tena silinda moja haikuchukua zaidi ya dakika mbili au tatu, na ngoma zetu nyingine hukesha. Nta nayo hulainika kwa joto, na joto la bonde la Ruvuma mnalijua. Tena upepo wa Newala, pale ukingoni mwa uwanda, huvuma katika pembe kama mtu apulizaye chupa.

Pamoja na hayo siwezi kuzidharau silinda zile. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mkuu wa hazina ya sauti ya Berlin, aliandika makala ya kitaalamu juu ya nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa na Weule katika safari ileile. Hazina hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliingizwa na UNESCO mwaka 1999 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Mtu aliyeimba dakika mbili mbele ya pembe mwaka 1906 hakujua ya kuwa sauti yake itaishi kuliko dola iliyomtawala. Maneno yamo, na tuni imo. Kisichomo ni duara.

Katika wakati uleule wa Edison alikuwako Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1887 aliandikisha santuri yake, na ndiyo iliyotuletea sahani. Yeye hakupenda ncha ipande na kushuka. Aliiacha iyumbe kulia na kushoto, kama nyoka apitapo mchangani. Nawaombeni mshike tofauti hii, maana bila ya hiyo hamtafahamu yajayo: katika silinda ya Edison sauti iliandikwa kwa vilima na mabonde, na katika sahani ya Berliner iliandikwa kwa kuyumba huku na huku.

Sahani zilishinda, kwa sababu ni rahisi kuzipiga chapa nyingi kama vitabu. Kwa ajili ya sahani Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay, kuimba kwa ajili ya Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye picha ya mbwa asikilizaye pembe, na jina la His Master's Voice. Sahani za siku zile zilikuwa ngumu, zilivunjika kama vigae, zilizunguka mara 78 kwa dakika, na ndani yake mlikuwa na gundi itokanayo na wadudu wa Bara Hindi. Zilikuwa na sauti ya sikio moja, na sioni ya kuwa Siti alipungukiwa kitu. Mwimbaji mmoja aliye mbele, na vyombo nyuma yake, hutosha sana kwa sikio moja. Wako watu wadhanio ya kuwa kila kilicho kipya ni bora kwa kila kazi. Mimi si mmoja wao.

Mwaka 1931 kampuni ile iliungana na Columbia ya Uingereza, zikawa kampuni moja iitwayo EMI. Ndani ya kampuni hiyo alikuwamo fundi kijana, Alan Dower Blumlein, aliyezaliwa London mwaka 1903. Husimuliwa ya kuwa alikwenda na mkewe kutazama sinema, akachukizwa. Picha ya mtu yapita upande huu wa kitambaa, na sauti yake yatoka palepale kilipowekwa kipaza sauti, hata ungelikuwa kipofu ungelidhani mtu hakutembea. Alisema anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mwenyewe. Tarehe 14 Desemba 1931 alipeleka hati ya kuomba haki ya ubunifu wake, na mwaka 1933 ikakubaliwa, namba 394,325. Hakutumia neno sterio. Yeye alisema sauti ya masikio mawili.

Sasa nisikilizeni polepole, na mwenye kipande cha chaki achore herufi V. Mfuo wa sahani una kuta mbili, kama mtaro wa maji uliochimbwa kwa umbo la V. Blumlein alisema: ukuta mmoja uandikwe sauti ya kushoto, na ukuta wa pili sauti ya kulia. Kuta hizo zimelala mshazari nyuzi 45, huu huku na huu huku, hata baina yao pana nyuzi 90 kamili; kwa hiyo mwendo wa ukuta mmoja hauusumbui wa pili. Sindano ni moja tu. Mwimbaji aliye katikati ya jukwaa hufika sawasawa katika pande zote mbili, na sauti yake huifanya sindano iyumbe kulia na kushoto, kama katika sahani ya Berliner. Lakini sauti ikizidi upande mmoja, ile tofauti iliyo baina ya kushoto na kulia ndiyo huifanya sindano ipande na kushuka, kama katika silinda ya Edison. Mnaona? Njia mbili zilizogombana tangu zamani, moja ya silinda na moja ya sahani, zilikutanishwa katika mtaro mmoja mwembamba kama unywele. Mimi kila mwaka huchora jambo hili ubaoni chuoni kwetu, na sijachoka.

Majaribio yake hayakuanza kwa fahari. Mwisho wa mwaka 1933, katika majengo ya kampuni huko Hayes, wafanyakazi wenzake walitembea huku na huku wakizungumza, ili isikike katika sahani kama mtu anayetembea asikika kweli akitembea. Mwezi wa Januari 1934, katika studio za Abbey Road, London, alinasa bendi kubwa ya Bwana Thomas Beecham ikipiga muziki wa Mozart. Mwaka 1935 alifanya na picha za sinema zenye sauti ya namna hiyo. Katika mojawapo magari ya moshi yapita stesheni ya Hayes, na sauti yayafuata kutoka upande huu hata upande huu.

Haikuwa yeye peke yake aliyelitafuta jambo hili. Zamani, mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme ya Paris, Mfaransa Clément Ader aliwawekea watu simu mbili, moja kila sikio, wakasikiliza waimbaji wa Opera kutoka mbali, wakatambua aliye kushoto na aliye kulia. Huko Marekani, Arthur Keller wa Maabara ya Bell alinasa bendi ya Philadelphia mwaka 1932 kwa mifuo miwili katika sahani moja; na tarehe 27 Aprili 1933 bendi hiyo ilipigwa Philadelphia ikasikika Washington, kwa nyaya tatu za simu na vipaza sauti vitatu. Miaka ishirini baada ya Keller, mwaka 1952, Emory Cook aliuza sahani zenye mifuo miwili mbalimbali, zilizotaka mkono wenye sindano mbili, na mwenye santuri ilimpasa kuziweka zote mbili mahali pake kwa wakati mmoja, kama mtu aandikaye kwa kalamu mbili. Zilisikika vizuri. Lakini ni nani mwenye subira hiyo kila siku?

Kampuni ya Blumlein haikuona biashara katika masikio mawili. Watu wengi walikuwa na santuri za zamani, na sahani zenyewe zilikuwa na mkwaruzo mwingi. Yeye alipewa kazi ya televisheni, kisha, vita vilipoingia, kazi ya mitambo ya rada. Tarehe 7 Juni 1942 eropleni aina ya Halifax, iliyokuwa ikijaribia mitambo hiyo, ilianguka huko Uingereza karibu na mpaka wa Wales, na wote waliokuwamo wakafa, naye pamoja nao. Umri wake ulikuwa miaka 38. Hakuiona sahani hata moja ya sterio ikiuzwa dukani.

Kilichokosekana kilikuwa sahani laini. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani za plastiki iitwayo vinaili, zizungukazo mara 33 na theluthi moja kwa dakika, zenye mfuo mwembamba sana na mkwaruzo kidogo. Hapo mambo yaliwezekana. Mwaka 1957 kampuni ya Westrex ya Marekani ilionyesha mfuo wenye kuta za nyuzi 45, ulio sawa na ule aliouandika Blumlein miaka 26 kabla yake. Na mwaka 1958 sahani za sterio zikaingia madukani.

Huku kwetu kazi ya kunasa ngoma haikungoja hayo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa nyimbo za makabila mengi. Yeye alikuwa na desturi ya kushika mikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa mpigaji, kisha kwa waitikiaji, kadiri wimbo ulivyokwenda. Hilo ni sikio moja litembealo. Ni ufundi mkubwa, wala simlaumu. Lakini asikilizaye sahani zake husikia yale Tracey aliyochagua kuyasogelea.

Na sisi je? Kila kijana chuoni kwetu ana simu mfukoni yenye mikrofoni, na nyingi za bei ndogo hunasa kwa sikio moja, kama pembe ya Weule, ijapokuwa hazina nta ya kuyeyuka. Mwaka jana wanafunzi walinasa ngoma ya jioni katika kijiji kimoja cha upande wa Newala. Baadaye walimchezea mzee mmoja, mwimbishaji wa zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani walioitikia kutoka upande wa machweo, maana pande mbili zilikuwa zikijibizana, na katika jibu moja palikuwa na maneno asiyoyasikia tangu ujana wake. Hakuna aliyeweza kumwambia. Katika simu pande zote mbili zilikuwa zimekaa mahali pamoja, kama watu waliosukumwa ndani ya gunia. Wanafunzi wakarudi kijijini kuuliza, wakapata majina ya baadhi tu; waitikiaji wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Maneno yale tunayo, wala hatujui ni ya ukoo gani.

Kwa hiyo sasa wanafunzi wetu hufanya hivi, na mtu ye yote aweza kufanya. Huchukua simu mbili zilizo sawa, wakazifunga kwenye kijiti zikitengana sentimita 20, mikrofoni zikielekea huku na huku, na katikati hutia mto mdogo wa pamba uliokazwa sana, uwe badala ya kichwa. Hukisimamisha kijiti mbele ya duara, usawa wa kifua cha mtu mzima, upepo ukiwa nyuma ya nyumba au nyuma ya mkorosho. Zote mbili zikiisha kuwashwa, mtu mmoja hupiga kofi moja kubwa mbele yake, katikati. Kofi hilo ndilo alama ya kuzipatanisha baadaye katika kompyuta. Ngoma ikiisha hupiga kofi la pili, kwa sababu saa za simu mbili hazilingani kabisa, na katika muda wa nusu saa huachana kidogo, nasi tumeona ya kuwa tofauti ndogo mno yatosha kumhamisha mwimbaji.

Kisha, kabla watu hawajatawanyika, mmoja wao huzunguka na daftari. Huchora duara, akatia alama ya kijiti, akaandika kila jina mahali mwenyewe aliposimama: mwimbishaji, wapigaji, waitikiaji wa upande wa macheo, waitikiaji wa upande wa machweo, na kama walibadilishana mahali, wimbo wa ngapi. Hutaja na jina la kijiji na tarehe. Nakala moja ya sauti na ya mchoro huachwa kijijini kwa mtu wanayemchagua wenyewe. Huko Newala mara ya mwisho walimchagua bibi mmoja muuza maandazi, kwa sababu simu yake ina nafasi, na nyumba yake iko karibu na uwanja.